Kushindwa kwa Makusudi

Baba alitoa hukumu akiwa bado amesimama, ubao wa drafti kwapani.

"Huyu kijana simtaki."

Shangazi, aliyekuwa ametoa vile vikombe vya kabatini visivyotoka ovyo, alibaki na birika mkononi. Sindano naye alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni, ametoka kumsindikiza mgeni barabarani. Bado alikuwa na tabasamu usoni, maskini, maana alidhani mambo yamenyooka. Alasiri nzima alisikia kicheko cha baba yake kikitoka uani, nyuma ya duka la dawa. Baba alishinda mchezo wa kwanza, akashinda wa pili, akashinda na wa tatu. Nani asiyefurahi kumfunga mgeni mara tatu?

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu ameniachia."

"Amekuachia nini?"

"Kete, mwanangu. Kwenye ule mchezo wa pili alikuwa na njia nyeupe ya kuingia kingi. Nyeupe pee! Hata shangazi yako angeiona."

"Mimi nimeingiaje hapo?" shangazi akalalamika.

"Akaitazama njia, akanitazama mimi, halafu akasogeza kete ya pembeni kama mtu anayefukuza nzi. Nikacheka. Ningefanya nini, na mgeni yuko nyumbani kwangu?" Baba aliuweka ubao juu ya meza, akauweka taratibu kupita kawaida, na hiyo ndiyo dalili yake ya hasira. "Nimeuza dawa tangu hujazaliwa. Mgonjwa anayelia hanitishi. Anayenitisha ni yule anayesema haumwi. Mtu tumekaa naye uso kwa uso, ananidanganya kwenye mchezo. Huko ndani ya ndoa atakudanganya mangapi?"

Sindano alifungua mdomo ajibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakukuta kitu cha kusema.

Hilo si jambo dogo. Jina la Sindano alipewa chuoni, nusu kwa sababu ya duka la baba yake na nusu kwa sababu ya ulimi. Wahadhiri wawili walikuwa wameshachomwa, na kiongozi wa darasa alichomwa mpaka akajiuzulu. Mgeni wa siku hiyo, yeye aliitwa Polepole. Alitembea polepole, akala polepole, na ukimwuliza swali alikaa kimya hata ukadhani amesinzia, kisha likatoka jibu ambalo halikuhitaji kurekebishwa. Walikutana kwenye kozi ya kutengeneza gemu na akili mnemba zake. Siku ya kugawana wawiliwawili kila mtu alimkimbilia rafiki yake. Sindano akabaki peke yake kwa sababu aliogopwa, Polepole akabaki kwa sababu alichelewa kusimama. Mapenzi mengine huanza kwa mabaki, na si mabaya kwa sababu hiyo.

Gemu lao lilikuwa la paka anayetaka kuingia jikoni na mpishi anayemfukuza kwa mwiko. Sindano alimtengeneza paka, na vichochoro vyote vya jiko lile: chini ya meza, nyuma ya magunia, juu ya kabati. Polepole alitengeneza akili ya mpishi: lini alinde, lini ashtuke, lini akimbize, lini akate tamaa na kurudi kwenye sufuria. Mhadhiri wao, mama wa makamo aliyevaa miwani kifuani zaidi kuliko machoni, aliwahi kuwaambia jambo ambalo darasa zima liliandika:

"Mpinzani wa kwenye gemu hakuja kushinda. Kompyuta ikitaka kukushinda itakushinda, wala hakuna utamu hapo. Mpinzani mzuri amekuja kushindwa kwa heshima." Halafu akaongeza, wengine wakiwa wameshafunga mabegi: "Lakini angalieni. Mchezaji akigundua kwamba mmemwachia, mmemtukana."

Polepole aliisikia nusu ya kwanza akaipenda kwa moyo wote. Mpishi wake, paka akishapigwa mwiko mara kadhaa, alianza kupoa. Paka akibanwa pembeni, roho mkononi, mpishi ghafla aligeuka upande kwenda kukoroga sufuria. Mchezaji alichomoka anahema, anajipigapiga kifua, anadhani ni ujanja wake. Darasa lilimpenda mpishi yule. Na Sindano, akiwa amekaa bega kwa bega na kijana aliyemfundisha huruma mpishi wa ndani ya kompyuta, alimtazama vile vidole vyake virefu vikitembea juu ya kibodi, akajisemea kwamba mtu wa namna hii hawezi kumuumiza mwanamke. Siku ile aliondoka na begi la Polepole badala ya lake, na hakugundua mpaka alipofika nyumbani.

Sasa, baada ya maneno ya baba yake, alikuwa na kijiba cha moyo ambacho hakikutaka kushuka.

Siku ya kuwasilisha kazi ilikuwa Jumatatu. Mhadhiri mwenyewe ndiye aliyecheza, wanafunzi wamemzunguka, picha ya gemu imerushwa ukutani. Alipigwa mwiko, akapigwa tena, akabanwa nyuma ya magunia, mpishi akageuka, paka akaruka dirishani na samaki mdomoni. Darasa likapiga makofi. Polepole alimtafuta Sindano kwa macho ili wacheke pamoja kama siku zote. Sindano alikuwa anatazama ukuta.

"Kazi nzuri," mhadhiri alisema akivua miwani. "Akili ya mpishi imekaa vizuri. Ndiyo maana imeniuma, Polepole, ulivyoikataa ile nafasi. Wale watu wamenipigia tena jana. Mwaka mmoja wa kujifunza kazi kwenye kampuni inayotengeneza magemu, mji mwingine, wanakupa na pa kulala, wewe unasema hapana! Basi. Wanaofuata."

Sindano aligeuza shingo taratibu. Polepole alikuwa anakunja waya wa kompyuta ambao tayari ulikuwa umekunjwa.

Alimsubiri mpaka wenzao walipotoka kwenda kula. Maabara ilibaki na mlio wa feni na viti vilivyoachwa ovyo. Alifunga mlango.

"Nafasi gani?"

"Ilikuja mwezi uliopita."

"Mbona hukuniambia?"

Kimya chake cha kawaida. Siku nyingine Sindano alikipenda kimya kile, alikiona kama mtu anayekupangusia kiti kabla hujakaa. Leo kilimkera.

"Ulishasema hupendi mapenzi ya simu," Polepole alijibu hatimaye.

"Nilisema! Watu husema! Nilisema pia nitamnyonga msimamizi wa maktaba, mbona yuko hai?"

"Nilidhani utaumia."

"Ulidhani. Haya, na baba? Ulimwachia?"

"Ndiyo."

Alitarajia atakana. Jibu lile la haraka lilimkata maini.

"Alikuwa anafurahi, Sindano. Kila alipokula kete alikuwa anacheka kama mtoto. Nikasema moyoni, huyu mzee akifurahi atanipenda. Nilitaka anipende."

"Aliona."

"Aliona?"

"Anacheza drafti tangu ana nywele! Ulidhani atakuwa kama hawa wa kwetu wanaomshangilia mpishi? Amesema hakutaki. Tena hakusema kwa sababu unasomea magemu, ambayo ndiyo niliyokuwa nimejiandaa nayo, nina hotuba nzima hapa. Amesema wewe ni mwongo. Na mimi nimekosa la kumjibu."

Polepole alikaa juu ya meza. Sura yake ilikuwa imemshuka.

Sindano alipaswa kunyamaza hapo, maana mtu akishaanguka hapigwi tena teke. Lakini kulikuwa na swali linalomtambaa mwilini tangu juzi, na alijua asipoliuliza litamla.

"Mimi na wewe tumewahi kugombana?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Nilikuwa najisifia. Nawaambia wenzangu, sisi hatugombani, tumeumbiana. Hebu niambie kitu kimoja. Kimoja tu, na usinitazame usoni kutafuta jibu ninalotaka. Gemu letu. Wewe ulitaka paka?"

Feni ilizunguka. Polepole alitazama sakafu, akatazama dirisha.

"Nilitaka mbuzi," alisema.

"Mbuzi?"

"Mbuzi anayekula vitabu maktabani. Na msimamizi anamkimbiza."

Sindano alitaka kucheka. Kilichekesha kweli, na kilikuwa kizuri kuliko paka, hilo ndilo lililomuuma. Akaona badala ya kicheko machozi yanamtoka.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshamchora paka."

"Kumbe nami nimekuwa nikicheza na mpishi," alisema. "Muda wote huu. Nikibanwa unageuka upande, nachomoka na samaki wangu, nadhani nimependwa."

"Umependwa." Alisimama. "Hilo usiliguse. Umependwa, Sindano, wala sijui kupenda mtu mwingine."

"Basi mbona umejificha?"

Polepole alijibu kwa sauti ya chini.

"Baba na mama walibishana mpaka siku waliyoachana. Kila kitu walibishana. Chumvi, dirisha, mimi nilale saa ngapi. Nikaapa nikipata mtu wangu sitabishana naye. Nitampisha."

Sindano alimwonea huruma, na alimpenda wakati huohuo kiasi cha kutaka kumshika mkono. Hakumshika.

"Mimi sitaki kupishwa," alisema. "Sijui unachokipenda. Sijui unachokichukia. Nikimwambia baba nataka kuolewa nawe, atauliza, unamjua? Nitamwambia nini? Nenda, Polepole. Siku ukimpata huyo aliyetaka mbuzi, mlete. Huyo sijakutana naye bado."

Alitoka kabla hajabadili mawazo. Nyuma yake hakusikia hatua za mtu anayemfuata. Alikuwa ameshamwambia aende, na yeye, kama kawaida yake, alimtii.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Simu haikulia. Sindano alihudumia wateja dukani, akahesabu vidonge, akabandika maelezo kwenye chupa, na mara mbili baba yake aliitazama chupa akayabandua, maana yalikuwa ya dawa nyingine. Hakumgombeza. Alasiri moja, duka likiwa tupu, alifungua kompyuta akamwingiza paka jikoni. Alipigwa mwiko kwa makusudi, tena na tena, halafu akajibana nyuma ya magunia akangoja. Mpishi akageuka. Safari hii aliuona ule mgeuko vizuri, ulivyopangwa, na hakukuwa na utamu wowote. Alimwacha paka palepale pembeni asimtoe, wakabaki wawili wale, mmoja anakoroga sufuria na mwingine anasubiri. Akagundua kwamba anamkumbuka mtu ambaye hamjui, na hakuna kukumbuka kunakochosha kama huko.

"Ukimlilia mwanamume, mlilie na uji ukiwa tumboni," shangazi alisema akimsukumia bakuli. "Mimi huyo kijana nilimpenda. Alikula chakula changu akaomba tena."

"Labda hakukipenda, shangazi. Labda alikuachia."

"We mtoto!" Shangazi akashika kiuno. "Hapo sasa umevuka mpaka."

Polepole akaja mwenyewe, bila kualikwa, mchana wa siku ya kazi. Sindano alimwona kupitia kioo cha kaunta, amesimama kwenye foleni nyuma ya bibi mmoja aliyefuata dawa ya macho. Alikuwa amevaa shati lililokunjamana. Polepole alimtazama mara moja, jicho la mtu mwenye kiu, kisha akamgeukia mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaumwa nini?"

"Siumwi. Nimekuja kucheza."

"Nina kazi."

"Nitasubiri."

Akaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa. Watu waliingia na kutoka. Baba alipanga makopo yaliyokuwa yamepangwa, akafuta mizani safi, akajifanya kusoma karatasi. Lakini mcheza drafti ni mcheza drafti. Umwambie kuna mpinzani anasubiri, uone kama mikono haitamwasha. Mteja wa mwisho alipotoka, alichukua ubao bila kusema neno akaelekea uani. Shangazi alishatangulia na kigoda.

Polepole hakukaa.

"Mzee, siku ile nilikuachia. Nimekuja kukuomba radhi. Nilidhani ni heshima."

"Ilikuwa nini?"

"Uoga."

Baba alimpima kwa macho kuanzia viatu hadi nywele. "Panga kete," alisema.

Wakapanga. Sindano alisimama kwenye fremu ya mlango, mikono nyuma. Tangu utotoni alikuwa akiutazama ubao ule, na baada ya hatua chache tu alijua kwamba mtu aliyekaa mbele ya baba yake siye aliyekuja Jumamosi. Huyu alicheza polepole, ndiyo, lakini kila kete aliyoigusa ilikuwa na shauri lake. Alikunja uso. Aliuma mdomo. Baba alipompora kete mbili alitoa sauti ya maumivu, na Sindano akashtuka kuona kwamba hakuwahi kumwona amekasirika, na kwamba hasira ilimpendeza.

Baba naye hakuwa wa kuchezewa. Walikulana mpaka ubao ukabaki na kete za kuhesabika. Ndipo Polepole akasogeza kete moja mbele, peke yake, katikati ya ubao.

"Unaanza tena?" Baba alinyanyua kichwa. "Unanilisha?"

"Kula, mzee."

Sheria ya drafti haina huruma, ukiweza kula lazima ule. Baba akala. Na alipoinua mkono akaona alichokifungua. Sindano aliona. Shangazi, ambaye alidaiwa haoni kitu, naye aliona akajishika mdomo.

Polepole sasa alikuwa na njia mbili za kula. Ya kwanza ilichukua kete moja na kumwacha mzee anapumua. Ya pili ilichukua kete tatu kwa mkupuo na kuingia kingi. Baba alikuwa ametoa leso anafuta paji la uso. Alionekana ghafla mzee, mabega yamelegea ndani ya koti lake jeupe, na Sindano alikumbuka kwamba hakuwahi kumwona akifungwa nyumbani kwake, mbele ya dada yake, ambaye angeipeleka habari hiyo nyumba kwa nyumba.

Huruma ikamzidi. Polepole aliinua macho, na macho ya Sindano yakamwomba. Yalimwomba waziwazi: mwache, kula hiyo moja, yatosha. Yeye aliyelia maabara akidai asiachiwe, ndiye huyo sasa anaomba baba yake aachiwe. Kupenda hakuna aibu.

Polepole aliyajua macho yale. Aliyatii tangu siku ya kwanza.

"Hapana, Sindano," alisema.

Akala moja, akala mbili, akala tatu, akaingia kingi.

Kuku wa jirani alilia nyuma ya ukuta. Sindano alihisi neno lile bado liko kifuani mwake, zito na la moto, hapana ya kwanza aliyowahi kuipata kutoka kwake. Lilimuuma. Lilimuuma, na asingelirudisha hata kwa dawa zote za dukani.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani, kaka," shangazi alithubutu.

"Nyamaza, nahesabu." Baba alikuwa ameinamia ubao, kidole kinarudi nyuma, hatua kwa hatua. "Nilikosea hapa?"

"Kabla ya hapo, mzee. Ulipoiacha pembe."

"Hapa?"

"Hapohapo."

Baba akaguna. Polepole alisimama akamwendea Sindano mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu amjue hakungoja aulizwe.

"Ile nafasi nimeikubali. Naondoka mwisho wa mwezi."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Sitaki tuachane. Nitakupigia simu, utachukia, nami nitapiga tu."

"Sitaki uende," Sindano alisema, na machozi yakamtoka mbele ya kila mtu.

"Najua."

"Lakini utakwenda."

"Nitakwenda. Halafu nitarudi, na nitataka gemu la mbuzi, na tutabishana."

Alicheka huku akilia, akaufuta uso kwa kiganja. Alimtazama kijana huyu mwenye shati lililokunjamana, anayemwacha, anayempenda, ambaye safari hii hakumtazama usoni kutafuta jibu analolitaka, akaona kwamba angalau sasa anajua anamlilia nani. Aliunyosha mkono akamshika. Baba alikuwa palepale, na hata hivyo alimshika.

"Kijana," baba aliita, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ubao.

Polepole aligeuka. Sindano hakuuachia mkono.

"Naam, mzee."

"Panga kete," baba alisema. "Hujaondoka bado."